Bwana Msa Afika Bwera: Historia ya Riwaya ya Upelelezi na Maoni ya Wasomaji Wake Wapya

Kila muhula wa mazoezi ya kufundisha unapowadia, sisi wahadhiri wa idara hugawana wilaya. Safari hii tulipangiwa Kasese, na ndani ya Kasese shule zilizotawanyika kuanzia Ibanda, chini ya milima ya Ruwenzori, hadi Bwera, mpakani mwa Kongo. Kazi ya mkaguzi inafahamika: huketi nyuma ya darasa na fomu yake, hutoa alama kwa andalio la somo, matumizi ya ubao na ushirikishwaji wa wanafunzi, kisha hupanda teksi kwenda shule inayofuata.

Katika shule moja ya Bwera hatukuondoka upesi. Mwanafunzi wetu alikuwa akiwasomea vijana wa kidato cha tatu riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Nakala ilikuwa moja tu, yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu. Jalada lilikuwa limetoka zamani. La mno ni kwamba kurasa za mwisho nazo hazikuwapo. Darasa zima lilikuwa limefuata kisa cha mauaji kwa majuma kadhaa, likafika ukingoni na kukosa daraja. Mwalimu mwanagenzi, badala ya kuona haya, aliigeuza hasara hiyo kuwa zoezi: kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa, ataje anayedhani ndiye muuaji, na aeleze kwa nini. Aidha, atoe maoni yake juu ya kitabu.

Tuliziomba karatasi zile, tukazisoma usiku katika nyumba ya wageni. Makala hii imetokana nazo. Lakini msomaji wetu hawezi kuzielewa vizuri kabla hatujaeleza kitabu chenyewe kilizaliwa vipi, na kwa nini kilichukua zaidi ya miaka sitini kufika katika darasa la Bwera.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka kumi. Tunapenda kulitaja jambo hili kwa wanafunzi wetu kwa kuwa wahakiki wengi hulipita upesi. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu, hutazama mitungi, visima na majaa, huuliza nani alikula nini na lini. Tangu mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha mhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991. Basi mtu huyu alikwisha kujifunza kupeleleza kabla hajamuumba mpelelezi.

Mwaka 1957 na 1958 Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ambalo wengi walilijua kwa jina la East African Literature Bureau, liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili. Abdulla akapata tuzo ya kwanza, na mwaka 1960 hadithi yake ikachapishwa. Ili kuona jambo hili lilikuwa geni kiasi gani, tukumbuke vijana wa shule walikuwa wakisoma nini kwa Kiswahili wakati ule. Hadithi za kusisimua zilizokuwapo zilikuwa hasa za kutafsiriwa: Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Suleimani ya Rider Haggard, ambamo Afrika ni mahali pa wageni kwenda kutafuta mali. Kwa upande mwingine alikuwapo Shaaban Robert, aliyetunga Kusadikika na Adili na Nduguze, vitabu vya hekima ambavyo nchi zake hazimo katika ramani. Abdulla alichukua mahali panapojulikana, Unguja yenye mashamba, barabara, kituo cha polisi na majirani wanaosengenyana, akauweka mauaji hapo, kisha akataka kila jambo lithibitishwe kwa ushahidi.

Mkopo wake hakuuficha. Bwana Msa anavuta kiko, ana rafiki aitwaye Najum anayefuatana naye na kustaajabu pamoja nasi, na polisi humwendea wanapokwama. Yeyote aliyesoma visa vya Sherlock Holmes, vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1887, atamtambua baba yake mara moja. Lakini mtoto amelelewa Unguja. Holmes huishi kwa majivu ya sigara na matope ya viatuni. Bwana Msa huishi zaidi kwa maneno ya watu. Hukaa barazani, huamkia, huuliza hali ya wazee na watoto, hunywa kahawa, na katikati ya mazungumzo hayo hulidaka neno moja lisilokaa sawa na mengine. Siri anazozifukua katika mfululizo wake, kutoka Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), aghalabu ni siri za nasaba na urithi: nani mtoto wa nani, na nani alinyimwa haki yake. Fundo la namna hiyo halifunguliwi kwa kioo cha kukuzia vitu.

Sasa tuje Uganda. Shirika lililochapisha kitabu hiki lilikuwa letu pia, kwani lilianzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kilikuwa kimefukuzwa shuleni kwetu. Gavana Gowers alitaka kukieneza mwaka 1927, na Kabaka Daudi Chwa akakipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia hatima ya Kiganda na ya watu wake. Mvutano ule ulikwisha mwaka 1952, Kiswahili kilipoondolewa katika orodha ya lugha za kufundishia Uganda. Hivyo, Abdulla alipokuwa akishangiliwa kwa tuzo yake, mtoto wa Uganda alikuwa amekwisha kufungiwa mlango kwa miaka mitano au sita. Kiswahili kilibaki katika kambi za askari na polisi.

Kilibaki pia Kasese, ingawa si madarasani. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo shaba ya Kilembe ikaanza kutolewa kwa wingi. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na migodini watu walielewana kwa Kiswahili. Huko Bwera, mpaka wa Mpondwe uliwagawa watu wa ukoo mmoja, Bakonzo upande huu na Banande upande wa pili, lakini wafanyabiashara waliotoka mbali zaidi walikuja na Kiswahili cha Kongo. Mtoto wa Bwera hadi leo hukisikia sokoni kabla hajakisikia shuleni: batu badala ya watu, franga badala ya fedha, na iko inayofanya kazi ya viambishi vyote vya nafsi. Tusikidharau Kiswahili hicho. Kimewalisha wengi. Lakini tusishangae mtoto huyo anapomsikia Bwana Msa na kudhani anazungumza lugha nyingine.

Kuna jambo lingine zito zaidi ya tofauti ya lahaja. Tukiwaomba wazee wa Uganda watupe maneno ya Kiswahili wanayoyajua, tunapata historia ya nchi ikiwa na makovu yake. Watatupa magendo, jina la uchumi wa miaka ya 1970, ambao hapa Kasese ulipitisha kahawa usiku kwenda Zaire. Watatupa mafuta mingi, waliorithi maduka ya Wahindi baada ya mwaka 1972. Watatupa panda gari, jina la misako ya miaka ya 1980, watu walipopakiwa katika malori ya jeshi kwenda kuchujwa. Idi Amin alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, baada ya wilaya 12 kukichagua dhidi ya 8 zilizochagua Kiganda, lakini askari wake ndio walioifundisha nchi sarufi yake. Sarufi ile ilikuwa na hali moja tu, hali ya kuamuru. Toa. Simama. Lala chini. Wazee wengi husimulia walivyoshangaa mwaka 1979, askari wa Tanzania walipoingia wakimwita raia ndugu na kumwomba maji ya kunywa kwa adabu. Walikuwa hawajui kwamba lugha hii ina neno tafadhali.

Twalieleza hili kwa urefu kwa sababu bila hilo karatasi za Bwera hazisomeki.

Neno la kwanza lililowatatiza vijana lilikuwamo katika jina la kitabu. Mzimu kwa Mganda, Mtoro au Munyankole ni roho ya mtu aliyekufa, inayoweza kumrudia aliye hai. Kwa Kiswahili maana hiyo ipo, lakini mzimu ni mahali pia: mti mkubwa, pango au gofu ambapo watu huenda kutambika na kuweka nadhiri. Kitabu chaanza na mwenye shamba kukutwa ameuawa mahali pa namna hiyo. Vijana walidhani watasoma hadithi ya pepo anayeua, na wengi walingoja pepo huyo kurasa nyingi. Mwalimu angelieleza neno hilo siku ya kwanza, na tuliandika hivyo katika fomu yetu.

Siku mbili baadaye tulikuwa Ibanda, ambako mwanagenzi mwingine alikuwa ameazimwa kitabu hichohicho kabla ya mwenzake wa Bwera, naye alisoma sura chache tu. Huko hali ilikuwa kinyume. Vijana wa Ibanda hawakupata shida na mzimu ulio mahali. Ukisimama katika ua wa shule yao asubuhi kabla ya mawingu, milima iko mbele yako, na kwa imani ya wazee wa Bakonzo theluji ile ni makao ya Kitasamba. Kijana mmoja alitueleza, bila kuona ajabu, kwamba mahali penye heshima ndipo mwovu angependa kuficha uovu wake, maana hakuna atakayethubutu kuchunguza. Tulimtazama mwanagenzi, naye akatutazama. Mtoto huyo alikuwa amegusa kiini cha riwaya katika sentensi moja, na hakuwa amefika hata sura ya tano. Kwa maoni yetu Abdulla hashindani na imani ya watu. Anashindana na mtu anayejificha nyuma yake.

Neno la pili ni zito kuliko la kwanza. Mwalimu wa Bwera alipouliza mpelelezi ni nani, jibu la kwanza lilikuwa kwamba ni mtu anayekwenda kuwasema wenzake kwa serikali. Jibu la pili halikutofautiana nalo. Hawakukosea. Kamusi zetu nazo hulipa neno hilo maana zote mbili, mchunguzi wa makosa na jasusi. Lakini katika Uganda, iliyoishi na State Research Bureau ya Amin, maana ya pili imeimeza ya kwanza, na imerithiwa na watoto waliozaliwa miaka thelathini baada ya ofisi ile kuvunjwa. Tulipokuwa wanafunzi wa shahada ya uzamili tulijifunza kuitofautisha riwaya ya upelelezi na ya ujasusi kwa msingi wa muundo: moja hutazama nyuma kutafuta aliyetenda, nyingine hutazama mbele kuzuia litakalotendeka. Ni tofauti nzuri ya mtihani. Huko Bwera tuliona tofauti isiyo ya muundo. Ni kama kuuliza, mtu huyu anayeniuliza maswali, anataka nini kwangu?

Tuzirejee sasa karatasi. Wachache waliutaja mzimu wenyewe kuwa ndio ulioua. Wengine waliwataja jamaa wa marehemu, wakijenga hoja za urithi ambazo Abdulla mwenyewe angezifurahia. Lakini karatasi nyingi kuliko tulivyotarajia zilimtaja Inspekta Seif.

Tuliposoma ya kwanza tulicheka. Tulipofika ya sita tuliacha kucheka. Hakuna katika kitabu kinachomtia Seif hatiani, na tunaweza kusema hivyo bila kumharibia yeyote uhondo. Ni afisa mwema, mwepesi wa kumshuku asiyehusika, ambaye kazi yake katika kisa ni kukosea ili Bwana Msa apatie. Vijana hawakuleta ushahidi kutoka katika kurasa. Walileta ushahidi kutoka kwao. Mmoja aliandika kwamba Seif ndiye mwenye bunduki. Mwingine aliandika kwamba anayefika wa kwanza penye maiti ndiye anayejua ilikowekwa. Wa tatu aliandika kwa ufupi kwamba siku zote ni wao.

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo tulisita kuliandika katika kijarida cha lugha. Bwera si mahali ambapo mauaji ni habari ya vitabuni. Mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kushambulia hapa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Tulimwuliza mwanagenzi wetu, kwa ukali kidogo, kama alifikiri kabla ya kuwasomea vijana wa eneo hili kisa kinachoanza na maiti. Alijibu kwamba alimwomba ruhusa mwalimu mkuu, na kwamba aliwaambia vijana asiyetaka kusikiliza aende maktaba. Siku ya kwanza walitoka wawili, na baada ya juma moja wakarudi. Akaongeza kwamba katika kitabu hiki, tofauti na wanayoyajua, kuna mtu mmoja anayeona kwamba ni lazima ijulikane nani alitenda, na haachi mpaka ijulikane. Hatukuwa na swali jingine.

Karatasi moja tuliibakiza. Mwandishi wake ni msichana, na Kiswahili chake kilikuwa na makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi ambayo tuliyapigia mstari kwa mazoea tu. Maoni yake kuhusu kitabu yalikuwa kwamba kinachosha katikati, watu ni wengi mno, na wanawake hawapewi nafasi ya kusema yaliyo moyoni. Lakini alimpenda Bwana Msa kwa sababu moja. Alisema Bwana Msa husalimia kwanza, kisha huuliza, na akijibiwa hungoja. Hapigi mtu. Aliongeza kwamba hakujua mtu anaweza kuhojiwa kwa Kiswahili bila kupigiwa kelele.

Tumefundisha riwaya hii mara nyingi katika idara. Tumeichambua kwa usimulizi, kwa taharuki, kwa dhamira, na kwa swali lile la zamani kama Abdulla ni mwigaji au mbunifu. Miaka ya 1970, siasa ya Ujamaa ilipotawala uhakiki, wapo waliomlaumu kwamba aliwapumbaza wasomaji kwa mafumbo huku jamii ikiwaka moto. Lawama hiyo ina ukweli. Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza mwezi Julai 1957, wakati uleule wa shindano, na miaka saba haikupita kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, lakini kelele za siasa hazisikiki katika shamba la Bwana Ali. Wafanyakazi wa shambani wamo kama watu wa kuogopa na kutumwa. Msichana wa Bwera hakukosea kuhusu wanawake. Hakukosea kuhusu katikati ya kitabu pia: zipo sura ambazo mwandishi anayafurahia mazungumzo yake kiasi cha kuisahau maiti, na maelezo ya mwisho ya Bwana Msa ni marefu kama hotuba ya ufunguzi wa mkutano. Yote haya tunayasema mihadharani. Lakini katika miaka yetu yote ya kufundisha hatukuwahi kusema kwamba kitabu hiki ni kielelezo cha namna ya kumhoji mtu kwa heshima, kwa kuwa kwetu sisi tuliosomea Kiswahili jambo hilo lilikuwa la kawaida mno kuonekana.

Wapo wenzetu watakaosema kuwa vijana wapewe vitabu vyenye mwendo wa kasi zaidi. Hoja hiyo tunaielewa. Faraji Katalambulla aliuhamishia upelelezi mjini kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akifuatilia nyaraka zilizoibwa za harakati za ukombozi, akiwa na bastola na gari la mbio. Ben Mtobwa akamtoa Joram Kiango. Vijana wetu wa chuo huwasoma hawa usiku kucha, na ukweli ni kwamba wengi wao Kiswahili kiliwakolea huko kuliko katika vitabu vyetu vya sarufi. Hatuna ugomvi na Willy Gamba. Tulimsoma tukiwa vijana, na bado tunaweza kutaja mahali tulipokuwa tumeketi. Lakini Willy Gamba huhoji kwa ngumi. Kwa kijana wa Dar es Salaam hilo ni burudani tu. Kwa kijana wa Bwera, ambaye Kiswahili cha ngumi amekisikia kwa babu yake, tungependa aanze na yule wa kiko na kahawa, kisha aende kwa wengine akiwa anajua kwamba lugha hii ina njia mbili.

Mambo haya si ya starehe ya wasomi. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha ya pili rasmi mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Maagizo yapo, na vitabu ni haba. Walimu tunaowatoa ni wachache kuliko shule zinazowaomba, na wengi wanakwenda na notisi zetu tu. Tunatumia mwaka mzima kuwafundisha ngeli, na hatutumii hata juma moja kuwaandaa kwa swali watakaloulizwa na mzazi wa kwanza watakayekutana naye, yaani kwa nini mtoto wake afundishwe lugha ya majambazi na askari. Swali hilo tumeulizwa Masaka, tumeulizwa Luwero, na safari hii tuliulizwa Kasese na mama mwenye nyumba ya wageni, alipotuona na karatasi zile zimeenea mezani. Tulijibu kwa habari za soko la Afrika Mashariki na ajira. Alitikisa kichwa kwa adabu, akaondoa vikombe. Baadaye tuliona kuwa tungemsomea nusu ukurasa wa yule msichana.

Mwezi uliofuata tulimpelekea mwanagenzi wetu nakala kamili, tuliyoiazima katika maktaba ya idara kwa saini yetu wenyewe. Alisoma sura zilizokosekana kwa vipindi viwili mfululizo, akatuandikia ilivyokuwa. Darasa lilinyamaza mpaka jina lilipotajwa, kisha likalipuka. Waliokuwa wamepatia walikuwa watatu tu. Waliomshtaki Inspekta Seif walidai rufani. Mmoja wao alishikilia kwamba mwandishi aliogopa, na kwamba kama angekuwa na uhuru wa kuandika ukweli, angemtaja Seif. Wenzake walimzomea, lakini mwalimu alimpa nafasi ya kueleza, akangoja amalize. Walibishana mpaka kengele ya chakula.

Nakala bado iko Bwera. Mkutubi ametukumbusha mara mbili.